Pembetatu ya Wanja

Vumbi jekundu la kijiji cha Kibugu lilishuka kwenye chekeche ya mama yake, likashuka taratibu, likatua kwenye karai kama unga. Wanja alilichanganya na gundi, akalipaka kwa kisu juu ya ubao, tabaka juu ya tabaka, hadi ukipitisha kidole unasikia matuta na mitaro.

Hakuchora nyumba wala ng'ombe. Alichora mraba wa chai, kijani kilichokoza. Alichora pembetatu ya mahindi yaliyokauka, na duara la kahawia pale alipozikwa baba. Udongo na rangi, rangi na udongo. Alikuwa amefundisha watoto wa watu kuchora mjini Embu, kisha ndoa ikamshinda, akarudi kwa mama yake na begi moja. Picha hii ndiyo iliyomtuliza.

Kaka yake, Ndambiri, alipita na kikapu cha chai mgongoni, akaiona, akasimama. Akaenda zake. Tangu siku hiyo salamu zikapungua, na uji wake akawa anaunywea shambani.

Shamba la marehemu baba yao lilikuwa halijagawanywa. Na mtu wa huku akiona miraba imepakana na miraba, haoni sanaa, anaona mgao. Usimcheke. Kwetu mpaka si mchezo: hupandwa mmea wenye kitunguu chini, na anayeung'oa hukwepwa hata na nduguze. Ndambiri aliamini dada yake amekata shamba kimyakimya, na ilimuuma kwa sababu alimpenda.

Udongo na rangi, rangi na udongo. Jioni moja Ndambiri akaja, akanawa mikono, akaketi mbele ya ubao.

"Wanja, kwa hii ramani yako, mimi umeniweka wapi?"

Kicheko kilimjia Wanja, kikakatika alipoyaona macho ya kaka yake. Akamweleza polepole kwamba si ramani, ni vile nyumbani kunavyokaa moyoni mwake. Akamshika mkono, akakipitisha kidole chake ubaoni: hapa chai yake Ndambiri na matuta yake, hapa kwa mama, hapa kwa baba. Ndambiri akapapasa kote, pembe hadi pembe, halafu akarudia.

"Na sehemu yako iko wapi?"

Wanja akautazama ubao. Muda wote ule hakuwa ameona kwamba hakujiweka. Binti aliyetoka kwa bwana anaomba pa kulala, haombi pa kulima. Ndivyo alivyokuwa amejizoesha kufikiri. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Kulipopambazuka Ndambiri na mama yao walipanda na jembe hadi juu, karibu na msitu, kwenye kona ya pembe tatu ambako udongo ni mweusi. Waliporudi walikuwa wamepanda mmea wa mpaka pande zote tatu. Ndambiri hakunawa. Alikuja na matope yake hadi kwenye ubao, akabandika kiganja pale palipobaki wazi.

"Hapa ni kwako. Si kwa picha peke yake."

Udongo waliouleta kutoka kule juu waliuanika hadi ukakauka. Wanja akachukua chekeche ya mama yake, na vumbi likashuka, jeusi safari hii, likashuka taratibu, likatua kwenye karai. Lilikuwa lake.