Mistari Kumi na Miwili

Phelista Nanyama aliyatambua mahindi yale kabla hajazima gari. Mwezi huo wa Juni viwavi jeshi walikuwa wameitafuna Kabuchai nzima, majani yamebaki matundu matupu, lakini nyuma ya nyumba ya kaka yake Hesbon ilisimama mistari kumi na miwili ya kijani kibichi, haina hata mchubuko.

Alikuwa amekuja kumjulia hali mama yao. Hakuingia ndani. Alichuma jani, akaliponda kwenye kichupa cha maji, akachovya kikaratasi cha kupimia. Alama mbili nyekundu zikajitokeza. Yalikuwa mahindi yake mwenyewe, yaliyobadilishwa vinasaba ili viwavi wasiyale, aliyoyahangaikia miaka kumi na mmoja katika kituo cha utafiti nje ya Kitale, ndani ya ua wenye kufuli, ambamo hata punje iliyodondoka huokotwa ikachomwa.

"Umemaliza kukagua?" Hesbon alikuwa nyuma yake, jembe begani.

"Baba Kevin, mbegu hii umeitoa wapi?"

"Kwa ofisi yako. Siku ile nilikutembelea, ukatoka kupokea simu. Mahindi mawili yalikuwa kwa meza. Nikaweka kwa koti."

Mahindi yale hayakupaswa kuwa mezani. Phelista alikuwa ameyatoa ghalani ayapige picha, na aliporudi na kuyakosa alijidanganya kwamba msaidizi wake ameyarudisha.

"Wewe! Si ndiye uliyesimama kanisani ukasema nawapikia watu sumu? Kwenye mazishi ya baba ukawakataza watu ugali wangu!"

"Nilisema. Na bado nasema."

"Basi umeyapanda ya nini?"

"Baba aliuza ekari mbili ndiyo wewe usome. Mimi nikaachia darasa la saba. Shamba yangu iko ndani ya hiyo kichwa yako, Daktari. Nimechukua yangu, bana."

"Yatang'olewa. Wiki mbili zijazo yatatoa mbelewele, na upepo utapeperusha chavua yake hadi kwenye mahindi ya majirani wote."

"Kanyaga hapa tena uone," alisema Hesbon, na jembe likashuka begani.

Kesho yake huko Kitale, mkuu wake, Ngige, aliisoma barua ambayo Phelista alikuwa amewaandikia wakaguzi wa serikali, kisha akainuka kufunga mlango.

"Nenda Jumamosi, ng'oa, choma, nyamaza. Hii ikifika Nairobi jaribio linafungwa. Watu kumi na wanne watakosa kazi kwa sababu ulisahau mahindi mezani?"

"Na kama kaka yangu ameshampa mwingine punje? Nitamuulizaje, hataki hata salamu yangu?"

"Daktari, usijifanye mtakatifu kwa jasho la wenzako."

Phelista alitamani kuichana barua ile. Badala yake aliichukua, akaituma yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo Ngige hakumjibu salamu, na chumba cha chai kikawa kimya kila alipoingia.

Wakaguzi walifika Kabuchai Alhamisi, na askari wawili wa kumzuia Hesbon. Phelista hakungoja, alivua koti akaanza kung'oa mstari wa kwanza kwa mikono yake. Majirani walijaa kwenye ua. Wengi wao ndio waliomzomea kanisani siku ile Hesbon alipomsema. Sasa walizomea kwa sababu nyingine.

"Phelista!" aliita Edinah, jirani yao wa tangu utotoni. "Yangu yameisha yote. Haya yamepona, na wewe unayang'oa. Kama si sumu, unayachoma ya nini?"

"Hayajaruhusiwa, Mama Peris."

"Na kama ni sumu, ulitutengenezea ya nini?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Phelista aliinamia mstari uliofuata. Donge la udongo lilimpiga mgongoni, akaendelea kung'oa. Mama yao aliegemea mlango, shuka mabegani, akautazama moshi wa mahindi ukipanda. Kisha akaingia ndani akafunga, na Phelista alisikia komeo likiingia.

Jaribio lilifungwa mwezi uliofuata. Phelista akahamishiwa ghala la maharagwe, kupanga vifuko na kubandika lebo. Kazi moja tu ya shambani alibakishiwa: kila baada ya wiki mbili, msimu mzima, arudi Kabuchai kuhakikisha hapajaota mche wowote pale palipochomwa.

Siku hizo Hesbon alifunga lango kwa mnyororo akaondoka. Phelista aliparamia ua, akakagua kila mstari akiwa amepiga magoti, akatia sahihi fomu, akaruka tena. Safari ya nne alikuta mche mmoja, wa urefu wa kidole. Aliung'oa, akauweka kwenye mfuko. Dirishani mwa nyumba, pazia lilisogea kidogo.

"Mama?" aliita.

Pazia likarudi mahali pake.