Jumuiya Nzima Imemeza

Revelian aliusoma ule ujumbe mara ya kwanza akacheka, akausoma mara ya pili akanuna, mara ya tatu akawa hajui acheke au anune.

"Majaribio yako hayajakubaliwa," walisema watu wa Genge. "Watumiaji wako wote wanabonyeza ndani ya dakika ileile. Hakuna aliyewahi kuchelewa, hakuna aliyewahi kukosa dozi. Binadamu hawako hivyo. Tafadhali tumia watu halisi."

Watu halisi! Jamani, Mzee Gregori wa nyumba ya tatu ni nini sasa, mzuka?

Genge, kwa asiyelijua, ni duka la app, ila si lile kubwa unalolikuta kwenye simu ukiinunua. Lile kubwa Revelian alilibembeleza mpaka akachoka. Kwa kuwa app yake ilihusu afya, kila akipeleka karatasi wanataka karatasi nyingine: usajili wa kampuni, barua ya daktari, sijui nini tena. Kampuni ataitoa wapi? Ana kompyuta mpakato yenye kitufe kilichong'oka, na meza ndogo sebuleni kwa mama yake huko Goba. Ndiyo akahamia Genge, kaduka ka pembeni kasiko na makuu. Sharti lao kubwa lilikuwa moja: kabla hawajaipanga app yako, kwanza itumiwe na watu wa kawaida kwa wiki kadhaa, na wao wachungulie inavyotumika.

App yenyewe aliiita Dozi. Saa moja asubuhi inalia kengele. Unameza kidonge chako cha presha, unabonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa "Nimemeza", na mwanao popote alipo anaona kwenye simu yake. Basi, hamna kingine. Na usiicheke, maana hakuitengeneza kutafuta sifa. Mwaka jana mama yake, Kokushubila, alianguka jikoni presha imepanda, jirani akamkuta sakafuni na sufuria ya chai imeungulia jikoni. Kumbe alikuwa ameacha dawa kitambo na hakumwambia mtu.

Sasa Revelian alikuwa amepata kazi Mtwara, kazi ya kufundisha chuoni, kazi aliyoisubiri tangu amalize kusoma. Tarehe ya kuripoti ilikuwa inasogea, na mama hana mtu mwingine pale nyumbani. Ile Dozi ya majaribio nayo ilikuwa na mwisho wake: muda ukiisha bila Genge kuikubali, inajifunga. Kwa hiyo alimwambia mama waziwazi. Ikikubaliwa, naenda. Ikikataliwa, nabaki, na hiyo kazi wampe mwingine.

Na mama alimsaidia kwa moyo wote, usiseme. Ni yeye aliyewatafuta wa kuijaribu, wote watu wa jumuiya yao ya kanisani, majirani wa kusali pamoja kila Jumamosi asubuhi. Wiki zote hizo Revelian alikuwa akifungua simu anakuta kijani tupu. Mama: Nimemeza. Mzee Gregori: Nimemeza. Eufrazia: Nimemeza. Alikuwa anafurahi mpaka anapiga mluzi. Sasa kijani kilekile kilianza kumtia wasiwasi.

Alimpigia rafiki yake Farhan wa Temeke, ambaye naye anaandika app.

"Braza, hawa siyo watu," Farhan alisema baada ya kuitazama orodha aliyotumiwa. "Umeharibu huko ndani, app inajibonyeza yenyewe."

"Nimeharibu wapi?"

"Sasa mie nijue? Si umeandika wewe?"

Revelian alipekua kila mstari aliouandika, macho yakamtoka. Hakuona kosa. Akachukua simu ya zamani, akaiwekea Dozi, akaiacha mezani peke yake. Asubuhi ikalia, ikalia, ikachoka, ikanyamaza. Haikujibonyeza. Alimrudia Farhan akamweleza.

"Basi wanaobonyeza ni malaika," Farhan akasema. "Hayo mambo ya kanisani kwenu, mie simo."

Kichwa kilimvurugika Revelian. App haijibonyezi. Watu anawajua, wana pumzi, wanadaiana sukari kila siku. Na Genge wanasema hakuna mtu. Aliamua kwenda kuona kwa macho yake.

Kesho yake kabla ya saa moja alikuwa kwa Mzee Gregori, karani mstaafu, mtu wa suruali ya kunyooshwa hata akiwa hatoki. Alimkuta barazani, miwani usoni, simu kaishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Reve. Ngoja kwanza, usinisemeshe."

Kengele ikalia. Haikumaliza hata mlio wa kwanza, dole gumba la mzee likatua. Nimemeza. Revelian alitazama huku na huku. Hapakuwa na maji wala kidonge.

"Mzee, dawa iko wapi?"

"Iko ndani. Nitameza nikishapata uji."

"Mbona umeshabonyeza?"

Mzee Gregori alimtazama kwa huruma, kama mtoto aliyeuliza jambo la wazi kabisa. "Sasa nisibonyeze ufeli?"

"Nifeli nini, mzee?"

"Mtihani wako! Mama yako si alitueleza kwenye jumuiya? Kuna wakubwa wanakupima, kila asubuhi wanaangalia nani kabonyeza, akichelewa mmoja unakatwa maksi na kazi ya Mtwara inaota mbawa. Tukasema, haiwezekani, mtoto wetu huyu. Kengele ikilia tu, wote. Mimi hata siku niliyolala hospitali nilibonyeza."

"Ulilazwa? Kwa nini?"

"Presha," alisema Mzee Gregori.

Ng'ambo ya ukuta, Eufrazia aliyekuwa anafagia uwanja alimpungia ufagio. "Reve! Tunaendeleaje? Mie sijakosa hata siku moja!"

"Shikamoo, mama. Kwani wewe unameza dawa gani?"

"Mie? Mie sina presha, baba. Mama yako alisema watu hawatoshi, nikamwambia niandike."

Hapo Revelian alicheka, akacheka hadi akashika ukuta. Watu wa kwao wakikupenda watakubebea hata maji ya mvua. Alikuwa bado anacheka alipokumbuka ni nani aliyewapanga. Na ni nani ambaye kijani chake kilitangulia kila asubuhi, kabla ya Gregori, kabla ya wote. Kicheko kikamkauka. Alirudi nyumbani karibu anakimbia.

Mama alikuwa kibarazani anamenya ndizi. Revelian alimpita akaenda moja kwa moja kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, mahali anapoweka dawa. Mfuko wa zahanati ulikuwepo, umefungwa vilevile alivyoufunga muuza dawa. Akatoka nao.

"Mama, dawa unameza?"

"Si unaona kwenye simu?"

"Simu naiona. Nakuuliza wewe."

Kokushubila alimenya ndizi ile mpaka mwisho, akaitumbukiza kwenye maji. "Waitu, mwanangu Reve, vinanilegeza miguu. Nikimeza siwezi kupanda hiki kilima kwenda misa. Nikaacha."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoleta hiyo kengele yako."

"Mama! Kengele ndiyo ya kukukumbusha!"

"Ungejua ungebaki. Ungekaa hapo sebuleni unaniatamia kama kuku mpaka uzeeke. Ulisema ikikubaliwa unaenda, ikikataliwa unabaki. Nami nataka uende. Basi nikahakikisha inakubaliwa."

"Ungekufa, mama!"

"Ningekufa una kazi."

Hasira zilimpanda Revelian, nyuma yake ikaja hofu. Alitoka akaenda kusimama nyuma ya tanki la maji, akalia. Mtu mzima, na shahada yake, alilia kwa kwikwi. Mwezi mzima na zaidi amekuwa akipiga mluzi juu ya kijani cha mama ambaye angeweza kuwa sakafuni siku yoyote.

Siku hiyohiyo alimpeleka zahanati. Daktari alimpima, akatikisa kichwa, akambadilishia dawa. "Vidonge viko aina nyingi, mama. Ungesema tu kwamba hivi vinakusumbua."

"Sikuulizwa," alisema Kokushubila. "Niliulizwa kama nimemeza."

Neno hilo Revelian alirudi nalo mpaka mezani kwake. Aliifungua Dozi, chini ya kitufe cha kijani akaweka chekundu: "Sijameza". Na chini yake nafasi ya kuandika sababu.

Jumamosi jumuiya ilisali kwa Eufrazia. Rozari ilipokwisha, Revelian alisimama kati ya viti vya plastiki. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

Aliwashukuru kwanza, kisha akawaeleza. Kwamba hakuna mtihani. Kwamba wakubwa hawataki wote wabonyeze, wanataka kujua kama app inasema kweli. Kwamba kwa ajili ya kubonyeza vizuri sana, wamekataliwa. Kwamba sasa kwenye simu zao kuna kitufe chekundu, cha siku mtu hajameza. Watu walitazamana, wakamtazama yeye, wakamgeukia mama yake.

"Subiri, sijaelewa," alisema Mzee Gregori. "Tulipokuwa tunakufaulisha tulikuwa tunakufelisha?"

"Ndiyo, mzee."

"Na sasa tusipobonyeza, unafaulu?"

"Ukiwa hujameza, ndiyo."

"Haya mambo ya vijana," mzee alinong'ona, akavua miwani.

Minong'ono ilianza. Kokushubila akainuka, na ile minong'ono ikafa. "Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyewapanga. Na mimi mwenyewe sikuwa nameza. Sikumeza hata kimoja. Nilikuwa nabonyeza tu." Wala hakukaa.

Halafu nyuma kabisa mtu akasema, "Na mimi." Mwingine akasema, "Mimi naruka, siku hii namezaga, siku ile naacha." Mzee Gregori alikohoa bila kikohozi.

Hapo ndipo ilipogonga saa moja na simu zote zikalia kwa pamoja. Hakuna aliyethubutu. Vidole vilibaki hewani, watu wamechanganyikiwa, hawajui wema uko kitufe gani.

"Eufrazia, niletee maji," alisema Kokushubila. Akafungua pochi, akatoa kidonge kipya, akameza mbele ya wote, akabonyeza kijani.

"Changu kiko nyumbani," alisema Mzee Gregori, akabonyeza chekundu. "Mungu anisamehe."

"Na mie nisiye na presha?" Eufrazia akauliza.

"Wewe jitoe tu, mama."

"Nijitoe? Na nilivyoamka asubuhi zote hizo!" Watu wakaangua kicheko.

Revelian alitazama simu yake. Kijani, chekundu, chekundu, pengine patupu, kijani. Ilikuwa vurugu tupu, na hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile.

Genge waliikubali. Mama mwenyewe ndiye aliyempangia nguo kwenye begi.

Asubuhi yake ya kwanza ya kazi huko Mtwara, Revelian alikuwa amevaa shati na tai, anatafuta kiatu, simu ikalia. Aliitazama. Mama: Sijameza. Sababu: "Nyumba imekuwa kimya."

Alipiga palepale. "Mama?"

"Subiri," alisema Kokushubila. Revelian alisikia bilauri ikiwekwa mezani, maji yakimiminwa, koo likimeza. "Haya, nimemeza. Nenda kafundishe, utachelewa."