Mshika Pua

Kijikaratasi kilikuwa na vipimo sita, kwa ule mwandiko wa mume wangu ambao hata yeye mwenyewe huusoma kwa kubahatisha. Alikiweka juu ya cherehani yangu Alhamisi asubuhi, pamoja na mfuko wa kurukia.

"Mama watoto, nipunguzie huu ukae hivyo. Ni wa mwanafunzi mpya," akasema, akatoka mbio kwenda kutengeneza mafriji ya watu.

Mwanafunzi mpya, ati. Mimi nashona sare za shule, maturubai na viti vya magari, mwaka wa ishirini na mbili huu. Sikufika hata mstari wa tatu. Bega la kushoto limezidi la kulia kwa sentimita moja na nusu. Ninamfahamu mtu mmoja tu mwenye bega hilo, na nilimzaa mimi.

Ngoja niwaeleze. Mume wangu ndiye yule ambaye mtaa mzima unamwita Rubani. Kila mwisho wa mwezi yeye na wenzake wa klabu hupanda mlimani na mabawa yao makubwa ya kitambaa na mabomba, wakakimbia nayo mpaka ukingoni, wakaruka. Huko juu mtu hulala kifudifudi ndani ya mfuko wa turubai, mfuko unaning'inia kwenye bawa kwa utepe mmoja wenye kulabu ya chuma. Mifuko hiyo naishona mimi. Na mimi ndiye mshika pua: nasimama mbele ya bawa, nimeshika waya mbili za mbele lisinyanyuliwe na upepo, na mrukaji haendi popote mpaka nimeachia. Miaka kumi na moja naifanya kazi hiyo, bila hata kikombe cha chai cha asante.

Kitindamimba wetu ana miaka kumi na tisa. Tunamwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia. Kwa miaka miwili amekuwa akiruka kwenye vilima vya malisho, ambako ukianguka unachubuka goti, unafuta machozi, unarudi juu. Mlimani ni habari nyingine. Mlimani kuna genge, na chini ya genge kuna mawe. Baba yake aliniapia, tena akiwa amesimama jikoni kwangu na mkono kifuani: "Sindano hataruka mlimani kabla hatujakaa wewe na mimi tukakubaliana."

Ningeweza kumuuliza Alhamisi ileile. Sikumuuliza. Nilitaka aseme mwenyewe. Nikashona ule mfuko mishono miwili kila mahali, na penye utepe mishono minne, kwa uzi wa viti vya lori, mpaka sindano ikanichoma kidole. Alhamisi jioni akala, akashiba, akazungumzia mawingu. Ijumaa akazungumzia matairi. Jumamosi alfajiri tukaondoka na pikapu, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akiendesha. Saa tatu nzima njiani baba watoto akapiga soga, akacheka vichekesho vyake mwenyewe, na lile neno moja halikumtoka. Sindano alikuwa kiti cha nyuma amefumba macho. Huyo mtoto hajawahi kulala garini tangu azaliwe. Nikajua wamenizunguka wote watatu, na damu ikanichemka mpaka masikio yakapata moto.

Huko juu kuna uwanja mdogo wa nyasi, halafu jukwaa la mbao linaloishia hewani. Wanaklabu wapatao wanane walikuwa wameshafika. Mwanzoni mwa jukwaa kuna kibao ambacho mume wangu alikipaka rangi kwa mkono wake: JIFUNGE. LALA. UKIJIFUNGUA, LALA TENA. Maana yake, kabla ya kuruka unafunga kulabu kwenye bawa, unajilaza chini ya bawa lako, na mshika pua anaona kwamba kweli unaning'inia. Ukijifungua kwa lolote lile, hata kupiga chafya, unaanza upya. Watu walishawahi kusahau. Bawa likaondoka, wao wakabaki wamelishika kwa vidole tu.

Bawa lilipokwisha kuunganishwa, mume wangu akanijia na tabasamu pana.

"Mama watoto, leo nina habari ya kukufurahisha."

"Vipimo vilimkaa vizuri?" nikamuuliza.

Tabasamu likamfia mdomoni. Nikampa vidonge vyake palepale, mbele ya klabu yake. Nikamwambia ameniona zuzu. Nikamwambia kama siri hiyo ningeisikia kwa fundi viatu wa jirani ningeumia kidogo, lakini kushonesha mkono wangu mwenyewe kwa uongo, hilo sitalisahau.

"Ningekuambia ungekataa," akasema.

"Kwa hiyo ulijua jibu langu, ukaamua halina kazi."

Sindano alikuwa anatazama viatu vyake. Shemeji akajifanya anakaza nati ambayo ilishakazwa. Nikasema sawa, kama ni kuruka ataruka, lakini pua nitashika mimi na si mwingine. Sindano akajifunga, akalala, akaning'inia vizuri, na ule mfuko haukuwa na kunyanzi hata moja. Kazi yangu nzuri, na iliniudhi kuiona.

Halafu upepo ukageuka. Kitambaa cha kijiti, kile cha kupimia upepo, kikaelekea gengeni, upepo ukitupiga mgongoni, na kwa upepo huo harukwi. Wakaketisha bawa wasubiri. Mimi nikaenda kukaa ndani ya pikapu, nikafunga mlango kwa kishindo, nikanywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Nilimchukia mume wangu kiasi kwamba hata koti lake lililokuwa pale kitini nililitupa chini.

Baada ya kama dakika ishirini nikasikia shemeji anaita, "Mshika pua, njoo, upepo umerudi."

Nilimkuta Sindano ameshasimama chini ya bawa, amelibeba mabegani, kofia ngumu kichwani, uso umemkauka. Shemeji akashika mkia. Nikashika waya zangu mbili.

"Umetulia huo, mwachie," akasema mume wangu.

"Alale kwanza," nikasema.

"Ameshalala. Ulimwona mwenyewe."

"Alale tena."

Sasa nitasema ukweli, maana ndio unaoninyima raha mpaka leo. Nilijua upepo wa saa ile haudumu. Jua likishapanda unakuwa wa kuruka-ruka, na hakuna mwenye akili anayeuamini. Nikivuta dakika kumi na tano, siku imekwisha, tunakunja bawa, na Rubani wa mtaa anarudi nyumbani na aibu yake. Hilo tu ndilo nililolitaka. Nilitaka aibike.

"Mama watoto, unatupotezea upepo. Achia."

"Sijaridhika."

"Unatutia aibu mbele ya watu."

"Mbona hao watu ulikuwa nao siku zote ukipanga mambo yako. Wasubiri kidogo."

Mmoja wa wanaklabu akaguna. Mwingine akatazama saa yake ili nimwone. "Shemeji, tafadhali," akaniambia mdogo wake mume wangu kutoka mkiani, kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa. Kitambaa cha kijiti kilikuwa kimenyooka vizuri kabisa. Mume wangu akaja akanishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, ila alinishika. Nikamwambia autoe mkono wake kabla sijafanya jambo ambalo klabu yake italikumbuka. Akautoa.

Ndipo Sindano akaongea. "Mama, siku zote ni hivi. Kila kitu changu lazima ukivute shati. Achia."

"Lala, nitaachia."

"Haya, ninalala," akasema, na kwa hasira zake, ambazo hakuziokota barabarani, akajitupa mbele kwa uzito wake wote.

Akaanguka chini puu. Magoti, tumbo, kidevu, vyote kwenye mbao. Bawa lilibaki palepale mikononi mwangu, wala halikutikisika. Mgongoni kwake ule utepe niliouwekea mishono minne ulikuwa umejikunja, na kulabu imelala pembeni, haijashika kitu.

Kutoka pale alipolala mpaka mwisho wa jukwaa palikuwa na hatua sita.

Shemeji ndiye aliyetangulia kufungua mdomo, na simu yake bado ilikuwa imechomoza mfukoni. "Ni ile picha," akasema. "Alijifungua tupige picha na baba yake. Dakika moja tu."

Mume wangu alikaa kwenye nyasi, chini ya kibao chake. Wanaklabu wakaanza kunisifu, mama ana macho, mama ana machale, na walewale walioguna wakawa wa kwanza. Nilitamani kuwatimua wote.

"Ulionaje?" mume wangu akaniuliza.

"Sikuona kitu," nikamwambia. "Nilikuwa nakukomoa."

Akainuka, akapangusa suruali, akasema, "Kunjeni bawa. Tunarudi nyumbani. Huyu haruki tena."

Mkiniuliza hasira zangu zilifika kileleni saa ngapi, si Alhamisi, wala si njiani. Ni hapo. Mtu huyuhuyu alikuwa ametoa amri ya pili ndani ya asubuhi moja, na mwenye mwili yuko chini anatoka damu kidevuni, hajaulizwa. Na mimi nilikuwa sijamuuliza pia. Hilo nalo liliniuma.

"Bawa halikunjwi," nikasema. "Sindano, nitazame. Unataka kuruka?"

Akajifuta kidevu kwa mkono wa koti. "Nataka, Mama. Lakini sasa naogopa."

"Hata mimi. Jifunge."

Akajifunga. Shemeji akashika pua, nami nikapita chini ya bawa nikaivuta ile kulabu kwa mikono miwili kama ninayeng'oa mti. Nikamlaza mara tatu. Mara ya tatu akaanza kucheka, akiwa ananing'inia pale na machozi yake, nami nikamwambia anyamaze, hapana cha kuchekesha.

Nikarudi kwenye pua. Waya zilikuwa zimeniachia mistari myekundu viganjani. Kitambaa kilikuwa bado kimenyooka.

"Mama, achia," akasema, safari hii polepole.

Nikaachia, nikasogea kando. Nikahesabu miguu yake juu ya mbao: nne, tano, sita. Baada ya hapo sikusikia miguu.

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amefumba macho. Nikamwendea, nikamwambia ayafumbue. Yeye ndiye aliyemtaka mtoto angani, basi amtazame mpaka atakapokanyaga chini.