Kibuyu cha Ukungu

Mtu yule alitokea kwenye miamba myeusi asubuhi, mkononi fimbo, nyuma yake mtamba mmoja wa ng'ombe. Syokau alikuwa akishusha vibuyu vyake mitini. Tangu nzige wamalize mashamba ya chini, hakuna aliyepita upande huu wa Chyulu.

"Mama, mto uko wapi?"

"Mto gani?"

"Wa mlima huu. Niliuona kutoka Kibwezi, kijani tupu. Nikasema, pale pana mto."

"Kijani hicho ni cha wingu. Ulidhani wingu ni mto umelala?" Syokau aliweka kibuyu chini. "Mwamba huu unakunywa mvua yote. Juu hapa hakuna hata kidimbwi."

Mgeni aliketi. Alikuwa Samatar, mchuuzi wa mifugo. Alitoka Kitui na ng'ombe kumi na mmoja, wakaanza kuanguka kwa kiu walipopita Kanyangi, akabaki huyu mmoja. "Mama wa mtamba huyu alikuwa ng'ombe wa mama yangu," alisema. "Nikimpoteza, sina la kurudi nalo nyumbani."

Syokau alimwonyesha. Miti ilikuwa na ndevu za kijani, na usiku ukungu ulizilowesha. Alizungusha kamba za katani kwenye mashina. Tone lilifuata kamba hadi kibuyuni. Vibuyu vinne kila asubuhi: viwili vyake, viwili vya mbuzi wake, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chakula.

"Ndugu yangu Abdille yuko stesheni ya Kibwezi," Samatar alisema. "Nitamwomba lori. Siku nne."

"Mwache mtamba hapa. Nitampa kibuyu kimoja kila asubuhi, mpaka urudi."

"Na ukichoka?"

"Nitamnywesha nimekaa."

Samatar alicheka kidogo, akashuka.

Siku nne zilipita, kisha tisa. Ukungu ulianza kupita juu ya miti bila kuigusa. Ndevu za miti zikawa kijivu, zikavunjika mkononi. Nyati waliokuja alfajiri kulamba majani hawakuonekana tena, na kwale wakanyamaza. Vibuyu vinne vikawa viwili, halafu kimoja na nusu.

Nzomo, shemeji yake, alipanda kumtazama.

"Mchinje huyo ng'ombe, ule. Mwenyewe harudi."

"Hakuniambia hatarudi, shemeji."

"Asiyerudi haagi. Mbuzi wako atakufa."

"Najua."

"Sasa unangoja nini?"

Syokau alimkumbuka Samatar akiligusa sikio la mtamba kabla ya kushuka.

Asubuhi ya kumi na sita kulikuwa na kibuyu kimoja tu, na hakikujaa. Mbuzi alilala chini ya mti, shingo imenyooka, akimtazama. Syokau alilowesha midomo yake mwenyewe kwa kidole, mara moja. Kisha akapita kando ya mbuzi, akapiga magoti mbele ya mtamba na kuinamisha kibuyu polepole, tone lisianguke.

Hakugeuka nyuma mpaka kikaisha.