Majani ya Sufuria ya Hajara

"Hapana, bwana Wamboga, jua halijasogea hata hatua moja," alisema Mzee Asadu. "Ni lile lile la babu yako. Njoo jikoni nikuonyeshe."

Mgeni alikuwa ameuliza tu, akijipepea na kofia, kwa nini joto siku hizi linachoma hata kwao Nakaloke, na mvua inakuja ikitaka yenyewe, kama shemeji asiye na haya. Lilikuwa swali la kupitisha muda, chakula kikiwa bado. Lakini tangu binti mmoja wa idara ya hali ya hewa aje kuongea na wavuvi hapo Wanyange, Asadu alikuwa anatafuta mtu wa kumweleza. Nyumbani walishamkimbia wote, hata mbuzi.

Na siku hiyo haikuwa ya mchezo, jamani. Wamboga ndiye baba wa Shamirah, msichana ambaye Ridwan, mjukuu wa Asadu, alimtaka mpaka chakula hakimshuki. Na desturi yao ni hii: baba wa msichana hasemi ndiyo wala hapana kabla hajala. Dereva aliyemleta naye alishasema, baada ya Alasiri anageuza gari.

Hajara, mke wa Asadu, alikuwa amekwenda kuchota maji. Mzee akafunua majani ya migomba yaliyofunika matoke, ndizi za kupika, ndani ya sufuria. Mvuke ukapaa mpaka kwenye mabati.

"Umeona? Moto ni ule ule, sijaongeza makaa. Majani ndiyo yanashika joto. Dunia nayo imefunikwa. Jua linaingia, udongo unapata moto, joto likitaka kurudi juu linakuta hewa fulani, kaboni, inalishika. Hiyo ni rehema! Bila hiyo tungeganda."

"Kama ni rehema, mbona tunalia?"

"Kwa sababu tunaongeza majani! Moshi wa magari, viwanda, misitu tunayochoma. Leo jani, kesho jani. Moto ule ule, sufuria inazidi kuchemka!"

Akafunika, akaongeza jani. Akafunua tena, mgeni apime na mkono.

"Na mvua?"

Akafunua mara ya tatu. "Tazama maji haya chini ya jani. Hewa ya moto inabeba maji mengi. Ikiachia, inaachia yote!"

Hajara akarudi na ndoo yake. Akabonyeza matoke. Mawe matupu.

"Mzee Asadu! Nani amefunua, mvuke wote ukatoka?"

"Yalikuwa masomo, mama watoto..."

"Masomo? Mtoto akose mke kwa masomo yako? Toka! Kaa pale nje, na mikono niione!"

Mzee akatoka, akakaa, mikono juu ya magoti. Mara adhana ya Alasiri. Mara honi. Ridwan, aliyekuja kusimama mlangoni, akawa na rangi ya majivu.

Wamboga akamtazama dereva, akamtazama Hajara anayepuliza moto, akamtazama yule mzee aliyefungwa bila kamba. Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Wewe nenda," akamwambia dereva. "Mimi nalala hapa. Nyumba ambayo mama akisema toka, mzee anatoka, humo binti yangu hatateseka. Lakini mimi sijasema neno. Sijala!"

Jua likielekea kuzama, Hajara akafunua sufuria mwenyewe. Matoke laini, manjano, na samaki kwenye mchuzi wa karanga. Wakanawa mikono, wakakaa mkekani wote, Ridwan wa kwanza, Mzee Asadu wa mwisho, mbali kabisa na sufuria, wakasema bismillahi.