Mwati wa Dirishani

Mwati wa mama mkwe niliukata mimi. Nasema mapema, usije ukahangaika kumtafuta mbuzi wala mchwa. Niliukata kwa mkono huu huu unaokata sare za wanafunzi pale karakana, nikiwa na akili zangu timamu, na diploma yangu ya ushonaji ikining'inia sebuleni.

Mwati wenyewe ulikuwa kichaka tu nje ya dirisha la chumba chake, na majani membamba kama manyoya. Ila msimu wake ukifika, unavaa vishada vya manjano, vya mviringo na laini kama vifaranga, hadi wapita njia wanasimama. Mama aliuotesha kwa mbegu. Alizimwagia maji ya moto, akaziacha humo mpaka asubuhi. Nikamuuliza kama anapanda au anapika chai.

"Wewe Mkasi," akasema, "hizi maganda yake magumu kama kichwa chako."

Mkasi ni jina alilonipa nilipoolewa. Sijawahi kulikataa.

Ulipokuwa mchanga aliumwagilia, ulipokomaa akaacha. Alisema mizizi yake haipendi kulowa wala kuchokonolewa. Maua yakiisha, anapunguza ncha za kijani, kidogo kidogo, kama anamnyoa mtoto. Sehemu ngumu ya zamani haigusi. Nilimwona miaka yote hiyo na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Mwaka huu akaanza kulalamika. "Chumba hiki kimekuwa giza." Nikabadilisha taa. "Bado giza." Nikafua mapazia, nikapaka ukuta chokaa. "Mkasi, mmeamua kunifuga pangoni?" Basi mimi na macho yangu makali nikamgundua mchawi: mwati. Umenenepa, umeziba dirisha.

Alipokwenda kumtembelea bintiye, yaani wifi yangu, nikaazima msumeno. Nilitaka arudi akute chumba kinameremeta. Matawi yalikuwa yamejaa vipunje vya kijani, vidogo kama mtama. Nikadhani mayai ya wadudu, nikafurahi kwamba nayaondoa. Nikakata hadi vikabaki visiki usawa wa goti.

Mume wangu alirudi kutoka kazini akasimama uani. "Mama amekuruhusu?"

"Atanishukuru."

"Haya," akasema, akaingia ndani upesi kama anakimbia mvua.

Mama alirudishwa na wifi. Kumbe huko alionekana akimimina chai nje ya kikombe, wifi akampeleka hospitali ya macho. Tulipokaa mezani, wifi akatueleza: ni presha ya macho, mshipa wa kuonea unakufa, na dawa itachelewesha tu. Kilichokwisha kufa hakirudi.

"Sura zenu sizipati tena," mama akasema, kama anataja bei ya nyanya. "Nyinyi ni vivuli vinavyokula sana. Rangi iliyobaki ni manjano, na mwakani daktari hanihakikishii hata hiyo. Si neno, mwati wangu uko karibu. Niliushika kabla sijaondoka. Vitumba vya maua vimejaa."

Vitumba. Mume wangu akanitazama. Mimi mwenye neno kwa kila jambo, nikainuka kuondoa vyombo na watu bado wanakula.

Kesho yake mama akaniuliza, "Yamechanua?"

"Bado, mama."

Nikawa mtu wa bado kila asubuhi. Nikitoka hapo naenda kwenye visiki na ndoo, navimwagia maji, navitilia samadi, natafuta walau chipukizi moja. Gome lilikuwa linabanduka.

Juzi mama alitoka mwenyewe, anapapasa ukuta. Mimi nilikuwa naanika nguo. Aliinua mkono juu, pale matawi yalipokuwa, akashika hewa. Mkono ukashuka, ukashuka tena, mpaka akalazimika kuinama. Akapitisha kidole gumba juu ya kisiki.

"Msumeno," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wako?"

"Wa kuazima. Nilikata mimi. Ulisema chumba kina giza."

Akajifuta kidole kwenye nguo yake. "Kimepata mwanga?"

"Kimepata."

"Mimi sijauona."

Akarudi ndani. Nikasikia miguu ya kiti ikiburutwa sakafuni. Nilipochungulia, alikuwa ameligeuzia dirisha mgongo, ameuelekea ukuta niliopaka chokaa.

Kazini nikaomba masalio ya kitambaa cha manjano, ile manjano ya kuumiza macho. Nikashona vishada, nikavijaza pamba, vya mviringo, vingi. Mume wangu alinikuta nashona. Akashika kimoja, akakirudisha mezani, hakunitania. Leo nimevitundika dirishani kwa mama, vimejaa kutoka juu hadi chini. Jua linavipiga vizuri.

Amekaa pale pale, mikono mapajani. Anajua nipo.

"Mama," nikasema, "nakuomba, geuza kiti kidogo."

Nikasubiri, nimeshika pazia.