Moteri ya Buluu ya Mama Mkwe

"Weka kidole hapa," Emery alisema, akauongoza mkono wa Roger hadi chini ya bwate, lile sanduku la gia lililokuwa limelazwa juu ya magunia katikati ya garaji. "Unasikia nini?"

"Bishimo. Bidogo bidogo."

"Hesabu."

Roger akapapasa ndani ya grisi, suruali yake nzuri ikiharibika wala hajali. "Tatu. Kisha kimoja." Akaruka juu. "Trente et un! Emery, iko trente et un!"

Alipiga ukelele hata kuku wa jirani wakatawanyika, na mtaa mzima wa Lumumba ukajua kwamba yule mtoto wa Bunia aliyehamia Ulaya amepata alichokitafuta. Kazi yake huko ilikuwa kufufua magari ya kale ya mashindano, yale ya kukata bara zima kwa majuma mawili usiku na mchana. Kabla ya kuanza, waamuzi waligonga namba ya gari kwa vishimo kwenye moteri na kwenye bwate ili dereva asije akabadilisha kitu njiani. Gari namba thelathini na moja lilikufa kwenye barabara ya Komanda kabla Emery hajazaliwa, likalala katika ghala la kahawa karibu na Gety, na watu wakaling'oa vipande, kila mmoja kwa shida yake. Bodi Roger alikuwa nayo. Bwate ilikuwa imefanya kazi miaka mingi katika pikapu ya kubeba mbao, na Emery ndiye aliyeitambua kwa kuipapasa tu. Ilibaki moteri.

"Bila ile moteri, nitavalisha maiti suti," Roger alisema akipangusa mikono. "Dereva wa zamani wa kule Gety aliniambia waliuzishia mama moja wa hapa mujini, wa mashini ya bunga. Wakaipaka rangi ya buluu."

Emery aliacha kutabasamu. Mashine za unga mjini zilikuwa nyingi, lakini yenye moteri ya buluu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Mama Alphonsine, mama mkwe wake.

Shida haikuwa moteri peke yake. Miaka kumi na moja iliyopita, siku ya mahari, wajomba wa bibi arusi walitaka kujua kama huyu kijana anafahamu kweli kazi yake. Wakamwuliza mashine ya mama inazungushwa na moteri gani. Emery, ndani ya koti la kuazima, aliitazama kutoka mlangoni, maana mkwe hasogelei mahali mama mkwe alipo, akaona buluu, akatangaza kwa sauti kubwa: "Ile iko ya trakta." Wajomba wakapiga makofi. Tangu siku hiyo Mama Alphonsine alikuwa akituma maswali kupitia binti yake Espérance, mke wa Emery: trakta gani hii inayokunywa esansi hivi? Naye Emery alikuwa akijibu, kupitia Espérance huyohuyo, kwamba zamani kulikuwa na trakta za esansi, yaani petroli.

Sasa angelazimika kuigusa.

Walikwenda asubuhi iliyofuata, Emery, Espérance na Roger. Mama Alphonsine alimwona mkwewe kwenye lango, akaingia stoo na kusimama nyuma ya mlango, kama desturi ilivyotaka. Ukingo wa kitenge chake ulionekana. Roger alibaki langoni na wateja waliokuja na mihogo yao mikavu, nao hawakukubali kuondoka.

Emery alichuchumaa. Alipangusa unga kwa kitambaa, tabaka baada ya tabaka, hadi akafikia vichwa vya bolti. Kidole kikasimama. Kila kichwa kilikuwa na tundu jembamba lililotoboka upande hadi upande. Hakuna mwenye trakta anayetoboa bolti zake. Matundu hayo ni ya kupitisha waya, ili mitetemo ya siku nyingi isilegeze kitu, na kwenye bolti mbili waya wenyewe ulikuwa bado upo. Akashusha mkono chini zaidi, nyuma, mahali pa giza. Tatu. Kisha kimoja.

Roger alikuwa mbali, asingejua. Neno moja tu, "hapana", na mashine ingeendelea kusaga, wajomba wangeendelea kumheshimu, na gari lingekwenda Ulaya na moteri ya kuokoteza. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekwisha kujua, na aliona aibu mbele ya vidole vyake mwenyewe.

"Mama anauliza, iko trakta ao haiko?" Espérance alisema, ingawa mama yake alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo.

"Muambie mama..." Emery akaweka kitambaa chini. "Muambie haiko trakta. Haikukuwaka trakta hata siku moja. Mi nilikosea. Iko moteri ya mashindano, njo ile yenyewe."

Nyuma ya mlango kikaanza kicheko, kikapanda, kikawaambukiza watu wa langoni.

"Muulize, alikamata myaka kumi na moja ju ya kuona?"

"Muambie nilikuwaka naiangalia toka mulango, ju ya heshima."

"Muambie heshima yake ilikunywa esansi yote ya Bunia!"

Emery alicheka mpaka akakaa chini kwenye unga. Alijiona mwepesi kuliko alivyokuwa siku nyingi. Mama Alphonsine akatoa masharti yake: moteri haitoki kabla nyingine haijaingia, tena ya mazutu, yaani dizeli, maana watu wanataka unga. Na kabla haijapanda ndege, yeye aonyeshwe inavyokimbia.

Roger alileta moteri ya mazutu siku hiyohiyo. Emery aliifunga, na mashine ikasaga kabla ya jua kuchwa. Kazi ya kurudisha ile ya kale ndani ya gari ilichukua siku nne. Ilipowaka mara ya kwanza, ekzosi ilitema wingu jeupe la unga, na Roger, mtu mzima, akalia.

Siku ya tano gari lilisimama mbele ya mashine. Lilikuwa na viti viwili tu. Roger alisema hathubutu kuliendesha katika mashimo ya Bunia. Basi Espérance akafungua kitenge, akakifunga kwenye vyuma vya juu ya viti, kikaning'inia katikati kama ukuta. Upande mmoja akaingia Emery. Upande wa pili, baada ya kusukumwa kidogo na binti yake, akaingia Mama Alphonsine na mkoba wake.

Walikwenda polepole, watoto wakikimbia pembeni, hadi barabara ya uwanja wa ndege, iliyokuwa wazi na iliyonyooka. Emery alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele.

"Mukwe," sauti ilisema nyuma ya kitenge. "Nguvu yake iko hii tu?"

Hapakuwa na Espérance wa kupeleka jibu. Emery alikanyaga klachi, akaisukuma bwate kwenye gia ya tatu, na kitenge kikajaa upepo, kikamwegemea begani.